Musisingizie mtandao wa Pemba, code yenu ndiyo inayogandisha simu

Waunda tovuti za tiketi za boti, imetosha! Mtu wa Wete au Mkoani akilalamika kuwa ukurasa unaganda, jibu lenu ni lile lile: "huko mtandao mdogo." Hebu fungueni ukurasa hadi umalizike, zimeni data, kisha skrolini orodha ya safari. Bado unakwama? Basi mtandao haumo kabisa. Inayohangaika pale ni prosesa ya simu.

Skrini ya kawaida huchorwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ina milisekunde 16.7 tu kwa kazi zote. Na nyinyi ndani ya lupu, yaani amri zinazorudiwa kwa kila safu ya orodha, munafanya nini? Munasoma offsetHeight (urefu uliopimwa) ya safu, munaibadilisha height yake (urefu mnaoupanga), munaingia safu ya pili munasoma tena. Ukishabadilisha, vipimo vya mwanzo havifai tena, kwa hiyo ukisoma tu kivinjari kinalazimika kupanga ukurasa upya papo hapo. Safu 80, ukurasa unapangwa upya karibu mara 80, wakati ingetosha mara moja! Kompyuta ya ofisini inaimeza kazi hiyo kimya kimya. Simu ya RAM 2GB haiwezi.

Dawa yake ni lupu mbili. Ya kwanza isome vipimo vyote ivitie kwenye orodha, ya pili iandike tu. Na ile menyu inayoteleza kwa kubadilisha left (umbali wake kutoka kushoto), itelezesheni kwa transform, inayosogeza tu kilichokwisha kupangwa, haigusi mpangilio wa ukurasa. Safu zilizo nje ya skrini zipeni content-visibility: auto (kivinjari kisizishughulikie hadi zikaribie kuonekana) pamoja na contain-intrinsic-size (makadirio ya ukubwa wake), bila hiyo ya pili mwambaa wa kuskroli utarukaruka.

Linaloniudhi zaidi ni picha zisizo na width na height. Picha ikiwasili inasukuma kila kitu chini, mtu aliyekusudia boti ya asubuhi anabonyeza ya mchana. Siku za kuelekea Idd, nafasi zikigombaniwa, hiyo ni pesa ya mtu na safari yake. Kuandika namba mbili kwenye kila picha kunawashinda nini?

Kabla hamujatoa toleo, chomekeni simu ya bei ndogo kwa waya wa USB, fungueni chrome://inspect kwenye Chrome ya kompyuta, rekodini kwenye kichupo cha Performance huku mukiskroli. Vipande vya zambarau (kazi ya kupanga ukurasa) vyenye pembetatu nyekundu ndipo penye ugonjwa. Atakayesema kwake hakuna, aiweke rekodi yake hapa tuisome.