Mtetea anachechemea, unyayo umevimba: naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Nina mtetea wa kienyeji, mguu wa kushoto haukanyagi vizuri. Nimemgeuza nikakuta unyayo umevimba, katikati kuna gamba jeusi gumu, na ukipagusa pana joto. Mfupa uko sawa na vidole anavikunja, kwa hiyo sidhani kama ni mahepe (ugonjwa wa kuku unaopoozesha miguu). Nahisi ni sakafu ya saruji, maana maranda yalikuwa yameisha bandani.

Nimemtenga kwenye tenga, wenzake walishaanza kumdonoa (kuku hawana huruma kabisa). Namkanda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Je, hilo gamba nilitoe au niliache? Na akipewa antibayotiki, mayai tusile kwa muda gani? Jirani anasema nimchinje tu, ila huyu ndiye mlezi wangu wa vifaranga.