Je, kuzaa watoto wengi hudhoofisha akili uzeeni?

Mwana wa Arua
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Mama yetu, aliyezaa watoto wanane, ameanza kusahau: anafunga fedha katika pindo la kitenge chake, kisha punde si punde anauliza ni nani aliyezichukua. Shangazi anasema uzazi ndio uliommaliza, ilhali jirani anashikilia kwamba mwenye watoto wengi hachakai akili, kwa kuwa hakosi wa kuzungumza naye. Wataalamu wanasemaje?

Muuguzi, Jinja
Pole kwa kuuguza. Shangazi ana pa kushikia. Mwaka 2022 Eric Bonsang na Vegard Skirbekk walichapisha utafiti kuhusu wazee wa nchi 20 za Ulaya na Israeli, wakaona kwamba kuwa na watoto watatu au zaidi, badala ya wawili, huathiri vibaya uwezo wa akili uzeeni, kwa wanaume na wanawake. Ili wasichanganye athari ya watoto na ile ya elimu au umaskini, walitumia jambo ambalo hakuna mzazi anayelipanga: wazazi ambao watoto wao wawili wa kwanza ni wa jinsia moja huelekea zaidi kutafuta wa tatu. (Na hapa kwetu, nani hamjui aliyeendelea kuzaa akitafuta mvulana?) Sababu wanazozitaja ni gharama, mama kuacha kazi ya mshahara, na uchovu wa malezi.

Mwalimu, Mbale
Muuguzi, sikatai matokeo hayo, lakini sioni yanavyohamia Arua moja kwa moja. Kwetu Uganda wastani ulikuwa watoto 5.2 kwa mwanamke katika utafiti wa kitaifa wa 2022, na mama wa kijijini hulima mtoto akiwa mgongoni, kwa hiyo hakuna mshahara anaouacha. Tena ruzuku ya serikali kwa wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, nayo huanza mtu akifikisha miaka 80. Kabla ya hapo, na hata baadaye, wanaomlisha ni hao hao watoto. Isitoshe, utafiti wa mwaka 2019 uliochunguza picha za ubongo za wanawake wapatao 12,000 wa Uingereza ulionyesha kwamba ubongo wa waliozaa ulionekana mchanga zaidi kuliko wa wasiozaa.

Muuguzi, Jinja
Mwalimu, nakubali, ingawa picha ya ubongo si kipimo cha kumbukumbu. Ndugu wa Arua, orodha ya vihatarishi 14 vya ugonjwa wa kusahau iliyotolewa na tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 inataja elimu ndogo, shinikizo la damu, kisukari, uziwi na upweke. Idadi ya watoto haimo. Mpeleke mama apimwe shinikizo, sukari, macho na masikio, na mweleze daktari dawa zote anazotumia, kwa maana zipo zinazovuruga kumbukumbu. Kama hakusoma, omba asipimwe kwa tarehe na hesabu za shuleni pekee. Waeleze pia mambo aliyokuwa akiyamudu sokoni na jikoni, na ni lipi limeanza kumshinda.

Mwana wa Arua
Nashukuru sana. Suala la masikio hatukuwa tumelifikiria kabisa, na kwa kweli siku hizi tunamwita mara mbili tatu ndipo aitike.