Wabunifu wadogo wa nguo Mombasa: nawapata wapi, na kazi yao naikaguaje?

BintiTudor

Salaam aleikum jamaa. Nimechoka na nguo za dukani, zile ambazo ukifika kazini mnajikuta watatu mmevaa sare bila kupanga. Nimetenga 12,000 kwa nguo mbili ndani ya miezi mitatu: moja ya ofisini, moja ya arusi. Mikono iwe mirefu au robo tatu, urefu uvuke goti vizuri, na kitambaa kisinipike wakati wa kaskazi. Napenda leso na kikoi, ila sitaki kuonekana nimetoka duka la watalii.

Shida ni kwamba Instagram kila mtu ni mbunifu. Nitamjuaje anayekata na kushona mwenyewe, na yule anayebandika lebo yake juu ya nguo ya kontena? Na pa kuanzia ni wapi, Nyali au Mji wa Kale?

MzeeWaPindo

Aleikum salaam, mwanangu. Nyali na Mji wa Kale viache kwanza. Anza Biashara Street, mtaa wa maduka ya vitambaa, na siku ya kwanza usinunue kitu. Mbunifu mdogo wa kisiwani hununua kitambaa, bitana na vifungo kati ya hapo na Markiti, kwa hivyo wenye maduka wanajua nani anachukua nini. Usiulize nani mbunifu mzuri, utatajiwa shemeji wa mwenye duka. Uliza ni nani huchukua doti tano sita za mchoro mmoja kwa wakati mmoja. Huyo ana mitindo yake anayoitoa kwa saizi kadhaa, si kazi za kuletewa. Nenda asubuhi katikati ya wiki. Jumamosi hapana wa kukujibu.

Mtu wa pili ni mwenye ovaloki. Si kila karakana ina mashine hiyo, na anayeanza hupeleka vipande vyake vikazibwe kingo kwa malipo ya kila nguo. Matundu ya vifungo vivyo hivyo. Fundi huyo huziona kazi za watu kabla hazijapigwa pasi wala picha. Anajua nani hukata mikono miwili ikalingana, na nani hufunika makosa kwa mkanda wa kiunoni.

Kuhusu lebo, chagua nguo yake moja kisha mwambie unataka mkono urefushwe inchi 2 na mfuko kulia. Anayeshona atakurudishia swali: mfuko wa ndani ya mshono au wa kubandika juu? Mwenye kontena atasema ndivyo ilivyo, chukua au acha. Omba pia kuona mabaki ya kitambaa kile kile, maana nguo iliyokatwa hapa lazima iliacha vipande. Halafu tazama nyuma ya shingo. Ukiona lebo imeshonwa juu ya mstari wa vitundu vya sindano visivyo vyake, jua ipo nyingine iliyong'olewa. Picha nayo ipitishe Google Lens. Ukimkuta msichana yule yule na nguo ile ile kwenye duka la jumla la Uchina, usihangaike kuuliza zaidi.

NdaniNje

Naongeza kwa Mzee. Kabla hujalipa, pindua nguo uitazame ndani. Pasi nzuri inaweza kudanganya nje, ndani haiwezi.

Ubavuni tafuta akiba ya mshono. Inchi moja kila upande ndiyo ya kuaminika kwa nguo ya kupimwa mwilini. Ovaloki ikiwa imekata hadi nusu sentimita, siku ukinenepa hapana cha kufungulia. Hesabu mishono kwa tepu: pamba ya kawaida inataka 10 hadi 12 kwa inchi. Ikiwa 6 au 7 mshono utapiga miayo ukikaa. Lakini wengi hudhani kadiri inavyobanana ndivyo bora, na hilo si kweli. Kwenye kitambaa chepesi, mishono 16 na zaidi hutoboa mstari kama ukingo wa stempu, na hapo ndipo nguo huchanikia.

Ivae, kisha inua mkono kama unashika chuma cha juu ndani ya matatu. Nguo nzima ikipanda nawe, tundu la kwapa limekatwa chini mno. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza: mteja akilalamika kwapani panabana, fundi hulishusha tundu zaidi, na mkono unazidi kufungwa. Dawa ni tundu lipande juu karibu na kwapa na mkono wenyewe uongezwe upana. Fundi aliyekwisha kata tundu chini hawezi kulirudisha bila kutia kiraka, kwa hivyo liseme mapema.

Kitambaa kipime kwa uzi mmoja. Uchome: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha tone jeusi gumu. Ila viskosi nayo huungua kama karatasi, na ndiyo inayouzwa sana kwa jina la pamba nyepesi. Lowesha uzi mwingine uuvute. Pamba ikilowa huwa imara zaidi, viskosi hukatika kirahisi. Haikufai kwa nguo ya kubana kwapani kwenye jasho la Mombasa.

DotiMoja

Nijibu upande wa leso, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea.

Doti ni leso mbili, kila moja kama sentimita 150 kwa 110. Pindo limezunguka pande nne, mji uko katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa, limekaa kwenye upande mrefu wa chini. Mbunifu akilitumia pindo refu kuwa upindo wa gauni, anabaki na urefu wa sentimita 110 tu, toa shingo na kukunja, unaishia magotini. Wewe umetaka livuke goti na mikono iwe mirefu. Basi leso igeuzwe isimame, pindo fupi liwe chini, upate 150 za urefu. Hapo sasa jina linasimama wima ubavuni kama tangazo la mlangoni, na kinachobaki cha mikono ni chembamba. Kwa gauni lako hesabu doti mbili za mchoro mmoja, na zitoke kwenye korija moja, yaani fungu moja, maana rangi hutofautiana kidogo kila inapochapwa upya. Ukizinunua kwa wiki tofauti, mkono mmoja utakuwa mwekundu na mwingine wa damu ya mzee.

Jina litolewe lote, na sanduku lake, likawe kipande cha kujitegemea: ndani ya kola, juu ya mfuko, au mgongoni chini ya shingo. Lisikatwe na mshono. Fundi asiyesoma anachokikata anaweza kuchukua "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" akakuachia "mpe jembe" kifuani, nawe una mkutano na mkurugenzi.

Kabla ya kununua, ikunje leso katikati, ncha kwa ncha, utazame kama pindo linalala juu ya pindo. Likihama zaidi ya sentimita 2, mchoro umechapwa upande ukilinganisha na nyuzi. Leso hiyo haina dawa. Ukifuata nyuzi upindo utaonekana umeenda mrama. Ukifuata mchoro, gauni litajizungusha mwilini baada ya kufuliwa mara mbili.

Iroweke kwa maji baridi usiku mmoja kabla ya kukatwa. Wanga unatoka na pamba inarudi. Weka akilini inaweza kupungua asilimia 3 hadi 5, yaani kwenye urefu wa 150 unaweza kupoteza sentimita 7. Na ile ya kutia chumvi ili rangi ishike, tuiache. Chumvi haizuii rangi ya leso iliyochapwa kiwandani kutoka. Sugua kona iliyolowa kwa bafta nyeupe. Ikiendelea kuacha rangi baada ya kuoshwa mara tatu, isiunganishwe na kitu cheupe.

Usionekane mtalii? Punguza. Gauni la bafta iliyotiwa rangi moja, au la kitani, na pindo la leso kwenye vikono na upindo wa chini tu. Ukitaka michoro ya zamani, pale pale Biashara Street lipo duka la Kaderdina Hajee Essak, tangu 1887, leso zake utazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Hereni na kandambili za ngozi za kumalizia vazi, karakana za Bombolulu, wanamofanya kazi watu wenye ulemavu tangu 1969. Ukivaa leso kichwani mpaka miguuni na shanga juu yake, hapo utaulizwa hoteli gani.

BintiTudor

Ahsanteni sana, kwa kweli sikujua hata kuhesabu mishono. Sasa je, ninunue leso mwenyewe nimpelekee, au nichukue mtindo aliokwisha tengeneza? Na kikoi kwa ile ya ofisini kinafaa?

MzeeWaPindo

Nunua mwenyewe. Utajua umelipia kitambaa gani, na bei ya mkono itabaki peke yake mezani.

NdaniNje

Samahani Mzee, kwa mbunifu hapo sikubaliani nawe. Ukimpelekea kitambaa umemfanya fundi wa kushona tu. Kazi yake ni kuchagua kitambaa kinachoitii pateni yake; mtindo aliokata kwa melimeli hauanguki vile vile kwa leso yenye wanga. Na likiharibika, yeye atalaumu kitambaa, wewe utalaumu mkono. La arusi mpe yeye achague kila kitu. La ofisini, sawa, peleka chako.

Jambo moja zaidi: usimpelekee picha ya kazi ya mbunifu mwenzake umwambie "kama hii". Ama atakataa, ama atakubali, na akikubali ujue lako nalo litanakiliwa.

DotiMoja

Kikoi kinafaa, lakini ufumaji wake umelegea. Shika mshono wa kiunoni kwa vidole gumba viwili uvute pande mbili: nyuzi zikifunguka ukaona mwanga, utachanika ukikaa kwenye kiti. Nyuma ya mishono ya kiunoni na makalioni itiwe utepe mwembamba wa kitambaa cha kugundisha kwa pasi, na akiba isipungue sentimita 2. Kiroweke kama leso, hupungua zaidi. Mistari ya ncha ikutane ubavuni. Ikipishana kwa sentimita moja itaonekana kutoka ng'ambo ya feri.

Bitana ya poliesta ndani ya pamba ni kujifunga mfuko wa plastiki. Tia melimeli, tena mpaka nyongani tu. Kifuani acha nafasi ya inchi 4 juu ya kipimo chako, si 2, upepo upite. Zipu iwe ya nailoni. Ya chuma cha bei rahisi hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kuacha madoa ambayo hayatoki.

MzeeWaPindo

NdaniNje, kwa la arusi nakubali. Kwa la ofisini nabaki nilipo.

Mwanangu, angalia tarehe. Ukikaribia Ramadhani, fundi wote wanashona nguo za Idd, na kazi itakayoingia baada ya Shaaban kwisha itashonwa usiku na mtu aliyechoka. Disemba pia, kwa sababu ya arusi. Jihesabie wiki nne: ya kwanza vipimo, ya pili jaribio la kwanza nguo ikiwa imepigwa bandi tu, yaani mishono mirefu ya muda, ya tatu kushona, ya nne iwe akiba ya marekebisho. Asiyetaka jaribio la bandi, usimpe kazi ya arusi. Toa nusu ya malipo mwanzo, robo siku ya jaribio, robo ukiipokea na umeinua mkono kama ulivyoambiwa.

Vipimo vichukuliwe na sidiria na viatu utakavyovaa siku hiyo. Kisigino cha inchi 3 kinaupandisha upindo, na gauni refu lililopimwa kwa ndara litaning'inia juu ya sakafu.

BintiTudor

Nimeelewa. Jumatano asubuhi niko Biashara Street, tepu mkobani.