Maziba haiyashuka bado, nimupe mtoto maji ya sukari?

Mama_Nyota: Jambo bamama, nilizala juzi hapa Kadutu, inatoka tu matone ya manjano na mtoto analia usiku kucha. Mama mukwe ameshatayarisha bibero, anasema nimupe maji ya sukari ao maziwa ya boksi mpaka yangu ishuke. Munasema nini?

DadaWaPanzi: Usimupe! Ile ya manjano njo chanjo yake ya kwanza, ni kidogo sababu tumbo yake pia ni kidogo. Maziba mingi inashukaka siku ya pili mpaka ya ine, usiogope.

Muuguzi_Ibanda: Mwili unatengeneza kufwatana na vile mtoto ananyonya, akishiba bibero analala, hanyonye, kifua kinafikiri hakuna kazi, maziba inapunguka, kisha munasema «mama hana maziba». Mupe kifua kila akitaka, mara 8 mpaka 12 kwa siku, na usiku pia. OMS (shirika la afya ya dunia) inasema maziba ya mama tu miezi 6, hata maji hapana.

Papa_Jumeaux: Lakini musitishe watu, wetu alipewa nyongeza, sukari ya damu ilishuka.

Muuguzi_Ibanda: Kweli papa, hiyo ni ya munganga kuamua, na kwanza wanakamuaka ya mama, wanapana na kikombe kidogo. Mama Nyota, anakojoa? Akikuwa mulegevu, hataki kunyonya ao hakojoe, enda materinite leo leo.

Mama_Nyota: Anakojoa. Bibero nimeificha, mama mukwe amenuna 😅