Mliosomeshwa bure kila kitu chuoni, ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kapata ufadhili wa asilimia mia: ada, malazi, chakula, vitabu, mpaka hela ya mafunzo kwa vitendo. Mama kapiga vigelegele majirani wakadhani imeletwa posa. Mimi nilifurahi, ila kuna mambo yalinijia kichwani, maana nimepita humo humo.

Naanza na yangu. Niliingia chuo 2014, shirika moja (silitaji) likinilipia kila kitu. Sharti lao GPA, yaani wastani wa alama, isishuke 3.8. Wenzangu wakipata 3.2 wanachinja kuku, mimi nikiwa na 3.9 silali. Sikuwahi kusoma somo la hiari kwa sababu nalipenda. Nilikuwa nauliza kwanza kwa waliotangulia: huyu mhadhiri A anatoa au anabana? Kuna somo la falsafa nililitamani mwaka mzima, nikalikwepa kwa sababu hiyo tu. Nimetoka na cheti kizuri, na hilo somo bado linaniuma. Wengine mlete ya kwenu.

Binti Kilosa
Yangu ilikuwa mkopo wa asilimia mia, usinicheke. Kabla serikali haijapandisha kuwa 10,000 mwaka 2022, bumu, ile hela ya kujikimu, lilikuwa 8,500 kwa siku. Siku sitini unasaini 510,000. Baba alikuwa anaijua tarehe ya bumu kuliko waziri wa mikopo wa serikali yetu ya wanafunzi! Sijamaliza kusaini, simu inaita: "Mwanangu, hujambo? Masomo yanaendaje?" Hapo najua. Laki mbili inakwenda nyumbani, hela ya hosteli ya mdogo wangu. Inabaki laki tatu na kumi, gawanya kwa sitini. Chai nilikuwa nakunywa kwenye semina za watu.

Jongoo Mbio
Dada, mkopo siyo ufadhili. Soma kichwa cha mada.

Binti Kilosa
Najua, kaka. Nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, nitasahauje? Lakini siku ile inaingia hakuna aliyeuliza ni ya kurudisha au ya bure. Na mdogo wangu kamaliza shule.

Mzigo wa Kariakoo
Mimi nilisomeshwa na serikali ya China. Mwaka wa kwanza unasoma Kichina tu, bweni wanalipa, na posho ya shahada ya kwanza ni yuani 2,500 kwa mwezi. Kwa mji niliokuwepo unakula na unabakiza. Sasa chumba cha pili alikuwepo Mtanzania mwenzetu anajilipia. Kila likizo yuko Guangzhou anakusanya mzigo, mikoba, viatu, vioo vya simu, anawatumia watu Kariakoo. Mimi likizo nilikuwa nalala. Posho inaingia, niende Guangzhou kutafuta nini? Tumerudi: mimi nilizunguka na bahasha miaka mitatu, yeye ana fremu mbili mtaa wa Narung'ombe na Kichina chake kimenipita mbali. Simlaumu mfadhili hata kidogo. Nasema tu kwamba njaa ilimfundisha mwenzangu kitu ambacho mimi sikukipata.

Jongoo Mbio
Huyo hata angefadhiliwa angeuza mikoba. Ni damu.

Mwana wa Kakamega
Jirani yenu wa Kenya hapa. Nilienda Hungaria kwa Stipendium Hungaricum, ufadhili wa serikali yao. Masomo bure, bima, posho forinti 43,700 kwa mwezi, na ukikaa nje ya bweni wanakuongezea 40,000 za nyumba. Nauli ya ndege ilikuwa juu yangu, na nyumbani hatukuwa nayo. Ikapigwa harambee kanisani. Mama mmoja muuza mboga alitoa shilingi 200, akanishika mkono akaniambia, "Hii digrii ni yetu." Sikujua uzito wa hilo neno hadi baridi ya Januari, nimeanguka mtihani, nataka kuacha nirudi. Nirudi kwa nani? Ningemtazamaje yule mama? Jumamosi na Jumapili nikawa naosha vyombo mkahawani, siku za wiki nasoma. Nilimaliza. Kila nikienda nyumbani lazima nipite kibandani kwake, na hajawahi kunikubalia nilipie sukuma wiki.

Binti Kilosa
Hapo kwa mama mboga umeniliza.

Mleta mada
Asanteni. Dogo kasoma yote, kauliza swali moja tu: hela ikiingia, nyumbani wajue kiasi gani? Nimemwambia afungue akaunti mbili, na lile somo analolipenda alisome hata kama mhadhiri anabana, alimradi asishuke chini ya walichoandika kwenye mkataba. Mkataba wenyewe hajausoma. Kesho tunakaa naye ukurasa kwa ukurasa.

Wengine endeleeni kuleta. Na mnaomfahamu mama yangu, tafadhali, hilo la akaunti mbili liishie hapa hapa.