Diski za breki zilizogandishwa, zinadumu kweli?

Wakuu, napiga Dar–Iringa na Hiace. Nikishuka mlima Kitonga, nikikanyaga breki usukani unatetemeka, na diski nimeshachongesha mara mbili. Kuna jamaa ananiuzia zilizogandishwa kwa nitrojeni, bei mara mbili. Nizichukue?

— Teknolojia ipo. Nitrojeni ya kimiminika huchemka nyuzi 196 chini ya sifuri. Diski hupoozwa taratibu, hukaa kwenye baridi hiyo saa nyingi, kisha hupashwa moto kidogo. Lengo chuma kisilike haraka. Ila kwa macho huitofautishi na ya kawaida. Jamaa ana cheti?

— Mkuu, Kitonga unashuka na gia ya ngapi?

— Cheti hana. Gia ya nne, abiria wana haraka.

— Ya nne! Ndiyo maana breki zinachemka. Weka ya pili injini ishike gari, hela yako nunua pedi za breki.