Tupeane uzoefu: kugawa diski moja ikae Windows na Linux

Mwanzisha mada, Morogoro

Wakuu, salaam. Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025, kila wiki kuna mtu ananiuliza jambo lilelile. Laptopu yake haina TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo Windows 11 inaikataa. Linux anaitaka, ila kuna programu ya kazini au ya chuo inayomfunga kwenye Windows. Mifumo yote miwili inakaa kwenye diski moja bila ugomvi, na mashine nzuri haina haja ya kuwekwa kabatini.

Msimamo wangu: kukata diski si kazi. Kazi ni kuijua diski kabla hujaigusa.

Naanza. Kijana mmoja wa chuo aliniletea laptopu ya mtumba, ya enzi za Windows 7. C (sehemu ya diski yenye Windows) ameshaipunguza, GB 80 ziko wazi, lakini kisakinishi cha Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kinasema nafasi hiyo haitumiki. Nikafungua Disk Management (zana ya Windows ya kugawa diski) nikakuta vipande vinne, yaani patisheni: cha kuwashia, C, cha kurejesha mfumo, na kidogo cha mwisho chenye zana za mtengenezaji. Diski ni ya MBR, mpango wa zamani wa kugawa diski, na MBR inabeba patisheni kuu nne tu, basi. Ukilazimisha ya tano ndani ya Windows, linatokea onyo kwamba diski itageuzwa kuwa dynamic, mpangilio wa Windows yenyewe. Hapo kataa kabisa, maana kisakinishi cha Linux kitakugomea. Tulinakili zile zana kwenye fleshi, tukafuta kipande chake, nafasi ya nne ikapatikana. Tukaitumia kutengeneza extended (patisheni kuu inayobeba nyingine ndani yake) kwenye zile GB 80, na ndani ya extended unaweka patisheni kadhaa unavyotaka. Mashine za GPT, mpango mpya zaidi, hazina shida hii, Windows inaruhusu hadi 128.

Haya, mwenye kisa aseme: mashine gani, na kilichokukwamisha ni nini?

Mdau, Dodoma

Mkuu, ongeza BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Mdogo wangu alinunua laptopu mpya, hajawahi kuwasha ulinzi wowote wa diski, lakini laptopu nyingi za sasa hujifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Kabla ya kugusa bayosi (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) niliingia kwenye akaunti yake, nikanakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye daftari. Tulipozima Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo unaowashwa) na kuwasha mashine, ikaja skrini ya buluu inadai ufunguo. Yeye anasoma kwa mafungu ya tarakimu sita, mimi naandika. Ikafunguka. Bila lile daftari, kazi yake yote ya mwaka wa tatu ingebaki humo ndani.

Mdau, Eldoret

Mimi niko na cyber hapa Eldoret, mashine ni desktop. Kilichonishinda mwanzoni ni C kukataa kupungua. Nafasi tupu ni kubwa, lakini Windows inakubali kutoa GB chache tu. Sababu ni faili zisizosogezeka zinazokaa katikati ya diski: ya hibernation (mashine kulala ikihifadhi kazi kwenye diski), ya pagefile (diski ikisaidia RAM), na zile za restore points (za kurudisha Windows ilivyokuwa). Nilizima zote tatu, nikawasha upya, na C ikapungua vile nilitaka. Hibernation unaizima kwa amri moja ukiwa administrator: powercfg /h off. Ukimaliza, rudisha pagefile.

Amri hiyo pia inazima Fast Startup (Windows kuwaka haraka), na hiyo ni faida. Fast Startup ikiwa on, ukibonyeza shut down Windows haijazimika kabisa, kwa hivyo Linux ikifungua C au D inaweza kukupa kusoma tu, huwezi save kitu.

Na msikate diski ya desktop bila UPS (betri ya akiba). Stima ikipotea partition ikiwa inasogezwa, hiyo data sahau.

Mdau, Mwanza

Yangu inauma bado. Shangazi alipeleka laptopu kwa fundi, akamwambia amwekee Linux pembeni ya Windows. Fundi akachagua kufuta diski nzima. Picha za msiba wa babu zilikuwa humo tu, hakuna bakapu. Bahati ilikuwa diski ya zamani ya kuzunguka, si SSD (ya chipu). Niliichomoa, nikaiunganisha kwenye mashine yangu, nikaendesha PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, usiku kucha ikihifadhi kwenye diski nyingine. Picha nyingi zilirudi, ila bila majina wala folda, na video kadhaa zimekatika. Ingekuwa SSD, kuna uwezekano mkubwa TRIM (amri ya kusafisha nafasi zilizofutwa) ingeshasafisha kila kitu. Nawaomba sana: nakili kwanza kwenye diski ya nje, halafu fungua faili mbili tatu kwenye mashine nyingine uone kama zinasoma. Ndipo umruhusu mtu aguse.

Mdau, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Langu dogo. Mtu akitoka Linux kuingia Windows, saa inakuwa nyuma saa tatu. Mteja wangu alikuwa ameshabadilishiwa betri ya ubao mama mahali pengine. Betri haikuwa na neno. Windows huichukulia saa ya mashine kuwa ya hapa kwetu, Linux huichukulia kuwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ingia Linux uandike: timedatectl set-local-rtc 1. Kwisha.

Mdau mgeni

Shikamooni wakubwa. SSD yangu ni GB 256, Windows 11, GPT. Nigaweje?

Mwanzisha mada

Marahaba. Windows 11 inataka diski ya GB 64 kwa uchache, na Ubuntu karibu GB 25, lakini ukikaa kwenye viwango hivyo utabanwa mapema. Mimi ningeipa Linux GB 60, Windows 120, na kinachobaki kiwe patisheni ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) ya faili zako, inasomeka pande zote mbili. Punguza C kwa Disk Management, usimwachie kisakinishi cha Linux kazi hiyo. Utaona pia kipande kidogo cha FAT32, mara nyingi MB 100: hicho ni EFI, ndicho kinachowasha mifumo yote miwili. Linux itakitumia hichohicho, usikifomati.

Kisakinishi kisipoiona SSD kabisa, angalia bayosi kama imewekwa Intel RST badala ya AHCI (njia mbili za mashine kuongea na diski). Usibadilishe kienyeji, Windows inaweza kugoma kuwaka. Tuandikie hapa kwanza aina ya laptopu na vipande unavyoviona, tukuelekeze hatua kwa hatua.